Nilikuja kwa Miezi Mitatu: Barua za Wanaouaga Mji wa Ugenini

Toleo hili nimelitenga kwa barua nne zinazouliza, kila moja kwa namna yake, jambo lile lile: mtu auage vipi mji wa ugenini ambao alikusudia kuupita tu, kisha akajikuta ameishi humo miaka. Nimezifupisha pale ilipobidi, na nimeondoa majina ya watu na ya miji kama waandishi wenyewe walivyoomba. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko zote kwa sababu mizizi ya zile nyingine imo ndani yake.

Swali

Ndugu Mwandishi, nilifika katika mji huu kwa kazi ya mkataba wa miezi mitatu, nikiwa na sanduku moja na tiketi ya kurudi. Mkataba uliongezwa, ukaongezwa tena, halafu nikapata kazi nyingine, na sasa huu ni mwaka wa saba. Kwa muda wote huo sijanunua kabati. Nguo zangu nyingi bado zimo katika sanduku lile lile, chini ya kitanda. Kila aliyeniuliza ninaondoka lini nilimjibu, "Karibuni tu." Sasa nimepata kazi nyumbani, tiketi nimekata, na zimebaki wiki sita. Nilitazamia kufurahi. Badala yake ninaamka usiku kifua kikiwa kizito, ninapita katika mitaa ile ile huku machozi yakinilengalenga, na ninaona aibu kwa kuwa watu wa nyumbani wanahesabu siku wakinisubiri. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mzee ambaye kwa miaka mitano nimekuwa nikimsaidia kupandisha mizigo yake, hataki kabisa kulisikia jambo hili. Nikianza tu kulitaja, yeye huniuliza habari za mvua. Je, ni kawaida mtu kuhuzunika kuondoka mahali ambapo siku zote alisema anapita? Na nimuage vipi mtu asiyetaka kuagwa?

*Msomaji wa mwaka wa saba*

Jibu

Ndugu yangu, katika barua yako yote kilichonishika zaidi ni lile sanduku la chini ya kitanda. Mtu ambaye nguo zake zimo sandukuni kwa miaka saba huamka kila siku mguu mmoja ukiwa njiani, na mguu huo humzuia kuona ule mwingine umekanyaga wapi. Swali lako la kwanza nalijibu bila kusita: ndiyo, ni kawaida, wala hakuna cha kuonea aibu. Aliyehama kwa kukusudia anayo siku anayoweza kuitaja na kusema kwamba siku hiyo aliamua kuishi hapa. Wewe huna siku hiyo. Kukaa kwako kumejengwa kwa mikataba midogo midogo, kila mmoja ukiahidi kuwa wa mwisho, na miaka imekupita bila mtu yeyote, hata wewe mwenyewe, kuipa jina lake. Sasa tiketi imelitaja jina hilo kwa niaba yako. Naamini huzuni yako inatoka hapo: umegundua kwamba ulikuwa unaishi, na umegundua wiki sita kabla ya kuondoka.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huichukua methali hii kama karipio kwa mgeni mvivu, lakini mimi huisikia pia kama heshima, kwa maana anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wenye nyumba. Wewe ulipewa jembe zamani. Umelipa kodi ya mapato na kodi ya pango, umepanga foleni hospitalini, umebeba mizigo ya mama mzee ngazini kwa miaka mitano. Hayo ni mambo ya mkaazi, mpita njia hayafanyi. Lile neno lako la "karibuni tu" halikuwa uongo, maana uliliamini kila ulipolisema, lakini lilikunyima haki ya kusema kwamba hapa ni kwako, na ni vigumu sana mtu kuaga mahali ambapo hajakiri kuwa palikuwa kwake.

Kwa hiyo nakushauri uanze na jambo litakaloonekana la ajabu: kabla ya kulifunga sanduku lako, lifungue. Zitoe nguo zote, zitundike, hata ikibidi uazime kabati au ufunge kamba ukutani, na hizi wiki chache zilizobaki uishi kama mwenye nyumba. Kisha keti na karatasi uandike, mwaka baada ya mwaka, ulilala wapi, ulifanya kazi na nani, uliugua nini na nani alikuja kukujulia hali, na ni lini kwa mara ya kwanza ulimwelekeza njia mgeni mwingine. Hilo la mwisho usilidharau. Mimi siku yangu naikumbuka mpaka leo: mtu mwenye ramani iliyokunjwakunjwa aliniuliza stesheni iko wapi, nikamjibu huku natembea, pita hapa, kata kushoto penye taa, vuka daraja, alipokwisha kwenda zake ndipo nikasimama katikati ya njia kwa mshangao, kwa kuwa nilikuwa nimejibu kama mwenyeji na hakuna aliyenikanusha. Orodha yako ikikamilika, izungukie kwa miguu. Nenda kwenye mlango wa chumba cha kwanza ulichopanga, kwenye kituo ulichozoea kusubiri basi, kwenye benchi ulipokaa siku uliyopata habari mbaya. Mara ya kwanza usipige picha. Simama, utazame, uondoke. Picha utapiga ukirudi mara ya pili.

Jambo hili halikuanza na wewe. Mwaka 1325 Ibn Battuta aliondoka Tangier akiwa kijana wa miaka 21, akikusudia kwenda kuhiji. Alirudi Moroko mwaka 1349. Katika miaka hiyo 24 alikaa takriban minane Delhi, akiwa kadhi chini ya Sultani Muhammad bin Tughluq, katika mji ambao haukuwamo katika safari aliyowaagia wazazi wake. Lakini linalonigusa zaidi ni lililompata mwaka 1348, alipopita tena Damascus, mji aliokuwa ameuacha zaidi ya miaka 20 nyuma. Alimuulizia mwanawe aliyezaliwa baada ya yeye kuondoka, akaambiwa kwamba mtoto alikwisha kufa miaka 12 iliyopita. Na hapo hapo akapata habari kwamba baba yake mwenyewe, huko Tangier, alikuwa amefariki miaka 15 nyuma. Ninakueleza haya kwa sababu ya orodha yako. Miji tunayoiacha huendelea kuzaa na kuzika bila kutusubiri, na habari zake humfikia yule tu aliyeacha njia ya kufikiwa. Wewe una njia ambazo Ibn Battuta hakuwa nazo. Kwa kila jina lililomo katika orodha, hakikisha kabla hujaondoka kwamba unajua habari zake zitakufikia kwa mkono wa nani.

Hapo ndipo anapoingia mama yako mzee. Lugha yetu inatofautisha kuaga na kuagana: kuaga hufanywa na mmoja, kuagana hufanywa na wawili, na wanaoagana ni pia wanaopatana neno, ndiyo maana mapatano mazito tunayaita agano. Wewe umekuwa ukijaribu kumuaga. Yeye hajawa tayari kuagana. Simwoni kama anakukataa. Mtu wa umri wake amekwisha kusindikiza watu wengi, pengine baadhi yao kutoka nyumba hiyo hiyo, na mvua anayokuulizia ni mlango anaoufunga ili baridi isiingie. Usiusukume. Mwambie mara moja tu, waziwazi, tarehe ya safari yako, kisha uache kuizungumzia na uanze kufanya mambo ambayo mtu anayeondoka hufanya kwa anayempenda. Nani atapandisha mizigo yake? Tafuta mtu katika jengo hilo, umpeleke kwake mkiwa mmebeba mizigo wote watatu, mara mbili tatu, mpaka amzoee. Muombe akutunzie kitu chako kimoja kisicho na thamani kubwa, kikombe au mmea, kwa kuwa anayeachiwa amana huwa amehusishwa na safari bila kulazimishwa kuitaja. Mwandikie anwani yako kwa herufi kubwa, kwa wino mweusi, kwenye kadi ngumu inayoweza kusimama mezani. Na siku ya mwisho, kama bado anazungumzia mvua, zungumza naye habari za mvua. Ukitoka, muombe radhi kwa lolote ulilomkosea bila kujua. Sisi tunalo neno buriani, ambalo ndani yake mna kuagana na kusameheana kwa pamoja. Yeye halijui neno hilo, lakini maana yake ataitambua katika sauti yako.

Ninasema haya kwa uchungu kidogo. Mimi nilikwenda ugenini kwa masomo ya miezi tisa, nikakaa miaka kumi na mmoja. Nilipoondoka nilijiambia kwamba kuaga ni kuzidisha maumivu, nikatoka saa kumi alfajiri na kuzitumbukiza funguo za chumba katika sanduku la barua la mwenye nyumba. Nilizisikia zikigonga bati mara moja. Mlio huo ndio kuagana kwangu kote na mji ulionifundisha kazi, ulioniuguza, na ambako nilikuwa na watu wasiopungua kumi na watano waliostahili kunisikia nikisema asante. Wawili kati yao nilipata nafasi ya kuwashukuru baadaye, kwa barua. Mmoja alikuwa amekwisha kufariki barua ilipofika, na ni binti yake aliyenijibu.

Mambo ya makaratasi nitayapitia haraka, kwa kuwa nchi na nchi zina taratibu zake: taarifa ya kuacha nyumba kwa muda ulioandikwa katika mkataba wa pango, kujiondoa katika daftari la wakaazi kama lipo, hesabu za kodi, na cheti cha michango ya pensheni, ambayo usidhani imepotea kwa kuwa unaondoka, uliza kama inaweza kuhamishwa, kurudishwa au kungoja umri wako. Lakini mawili nayasisitiza. La kwanza ni nambari ya simu. Benki nyingi hutuma nambari za siri kwenye simu iliyosajiliwa, na anayeifunga laini yake kabla ya kubadilisha taarifa hizo hujikuta yuko mbali, ana fedha katika akaunti asiyoweza kuifungua. Simu iwe ya mwisho kufungwa. La pili ni vyeti. Kwa nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, ambazo sasa ni zaidi ya 120, hati ya serikali hutambuliwa nje kwa muhuri mmoja unaoitwa apostili, lakini muhuri huo hutolewa na nchi iliyotoa hati, si na ile unayokwenda. Kuufuata ukiwa hapo mjini ni kazi ya siku chache. Kuufuata kwa barua na mawakala kutoka ng'ambo huweza kula miezi. Nchi mojawapo ikiwa haimo katika mkataba huo, hati hupitia wizara na ubalozi, na hilo nalo ni rahisi zaidi kabla hujapanda ndege. Na kama katika miaka hiyo saba kibali chako cha kuishi kiliwahi kukatika hata kwa mwezi mmoja, muone mwanasheria wa uhamiaji sasa, usingoje kuulizwa kwenye dirisha la uwanja wa ndege.

Umenigusia watu wa nyumbani, nami nisikufiche neno. Alfred Schutz, mwanasosholojia mzaliwa wa Vienna aliyefika New York mwaka 1939, aliandika mwaka 1945 kuhusu mtu anayerudi kwao, akiwafikiria hasa askari waliokuwa wakirejea kutoka vitani. Alieleza kwamba mgeni huingia mahali papya akijua kuwa hapajui, lakini anayerudi huingia kwao akitarajia kupakuta kama alivyopaacha, na kwa sababu hiyo hupatwa na mshtuko. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn waliuchukua mchoro wa herufi U, ambao Sverre Lysgaard aliutumia mwaka 1955 kuelezea namna Wanorwe waliokwenda Marekani kusoma walivyoshuka moyo na kuinuka tena, wakauongezea U ya pili kwa ajili ya kurudi nyumbani, ukawa W. Si kila mtu hupitia mchoro huo sawasawa, lakini ni vyema ukijua kwamba bonde la pili lipo. Utakaporudi kuna siku utakosea saa ya kulala, utalitafuta neno la lugha yako na kukuta limekuja la lugha nyingine, na utataka kusimulia habari za mji wako kwa watu ambao baada ya dakika tano watakuwa wamechoka kuzisikia. Wasamehe. Mtafute mmoja tu mwenye subira, na uendelee kumwandikia mama wa ghorofa ya chini.

Swali

Wenzangu kazini wanataka kunifanyia sherehe ya kuniaga. Nimekaa hapa miaka minne badala ya mmoja. Sipendi kusimama mbele ya watu, na ninajua nitalia. Ni vibaya nikiondoka kimya kimya?

*Mpole*

Jibu

Mpole, umekwisha kusoma habari ya funguo zangu, kwa hiyo jibu langu unalikisia. Kubali sherehe. Omba iwe fupi, iwe ya watu uliofanya nao kazi kweli, na isiwe siku ya mwisho, bali wiki moja au zaidi kabla, ili wale ambao watakuwa na neno la faragha kwako wapate siku za kukuletea. Daniel Kahneman na wenzake walifanya jaribio mwaka 1993, wakawataka watu kutumbukiza mkono katika maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, kisha wakati mwingine kwa sekunde 60 hizo hizo pamoja na 30 za ziada ambapo maji yalipashwa taratibu hadi nyuzi 15. Walipoulizwa ni lipi wangependa kulirudia, wengi walichagua lile refu, kwa sababu lilikwisha vizuri kidogo. Miaka yako minne bila shaka ilikuwa na baridi yake. Iache ipate sekunde chache za kupashwa mwishoni. Ama kulia, lia. Andika sentensi tatu kwenye karatasi, mpe mwenzako mmoja nakala, na sauti yako ikikatika yeye atamalizia kusoma.

Swali

Nilikwenda kumtembelea dada yangu kwa wiki mbili, mwanzoni mwa Machi 2020. Mipaka ikafungwa. Nilikaa miezi kumi na sita katika mji ambao sikuujua hata majina ya barabara zake, nikajitolea kupeleka dawa kwa wazee wa mtaa ule, na bila kutarajia nikapata marafiki wa kweli. Halafu siku moja nafasi ya ndege ilipatikana, nikaambiwa niwe uwanjani baada ya saa tano. Sikumuaga mtu hata mmoja. Baadhi ya wazee wale nasikia wamefariki. Kila mwaka ninajiambia nitarudi kuaga, lakini ninaogopa kwamba nitaonekana wa ajabu, kwa kuwa kwao huenda nilikuwa kijana tu aliyeleta mifuko ya dawa mlangoni. Nifanye nini?

*Aliyeondoka kwa saa tano*

Jibu

Mdogo wangu, Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba ugonjwa ule umekuwa janga la dunia nzima, na katika wiki zilizofuata watu wengi sana walijikuta mahali ambapo hawakupanga kulala zaidi ya siku chache. Juu ya namna walivyokwama pameandikwa mengi. Juu ya namna walivyoondoka pameandikwa machache, na barua yako inanionyesha kwamba hapo nako kulikuwa na jeraha. Pauline Boss, mtaalamu wa masuala ya familia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Minnesota, alianza miaka ya 1970 kwa kuzitazama familia za askari wa Marekani waliopotea Vietnam bila kujulikana kama ni hai au wamekufa, na kutoka hapo akaeleza aina ya msiba usio na mpaka ulio wazi, ambao humwacha mtu asijue kama amalize kulia au aendelee kusubiri. Sitaki kuulinganisha uchungu wako na wa familia zile. Lakini mafundisho yake yanafaa hapa kwa jambo moja: msiba wa namna hiyo hautulii kwa kungojea siku utakapofungwa kabisa, hutulia kidogo kidogo pale mtu anapokubali kuishi na mambo mawili pamoja. Wewe uliwapenda watu wale, na hukuwaaga. Yote mawili ni kweli, na la pili haliwezi kulifuta la kwanza.

Hofu yako kwamba ulikuwa tu kijana wa mifuko nataka kuigusa kwa upole. Katika miezi ile, kwa mzee anayeishi peke yake, mlango uliogongwa mara moja kwa wiki huenda ulikuwa ndio mlango pekee uliogongwa. Andika. Usiandike barua moja ya wote. Kila mmoja umwandikie yake, na katika kila barua utaje jambo moja ambalo wewe na yeye tu ndio mnaolijua, ngazi iliyokuwa ikilia, paka aliyekuwa akitoka mbio, neno alilokufundisha ukalitamka vibaya. Kwa waliofariki, waandikie watoto wao kama dada yako anaweza kuwapata, kwa sababu mtoto aliyezuiwa na mipaka asimfikie mama yake atashukuru kujua ni nani alikuwa mlangoni. Na ukipata nauli, nenda. Usiende ili kuomba msamaha mtaa mzima. Nenda ukae siku chache, ugonge milango ile ile kwa mikono mitupu, kisha uondoke mchana, watu wakikuona.

Swali

Ndugu Mwandishi, mimi na mume wangu tulikuja hapa kwa mwaka mmoja wa masomo yake, na sasa ni wa nane. Binti yetu ana miaka sita. Alizaliwa hapa, na lugha ya mji huu huizungumza vizuri kuliko yetu. Sisi tunarudi nyumbani, lakini yeye, nikifikiri vizuri, harudi popote, anaondoka kwao. Ameanza kusema kwamba hamtaki tena rafiki yake mpenzi wa shuleni, na juzi walipigana. Tumwandae vipi? Je, tumwambie kwamba tutarudi?

*Mama wa mtoto wa miaka sita*

Jibu

Dada yangu, umekwisha kuiona kweli ambayo wazazi wengi huichelewa, kwamba neno kurudi ni lenu wawili, lake ni kuondoka. Tafadhali msimwambie mara kwa mara kwamba "tunakwenda nyumbani", kwa kuwa nyumbani kwake ni hapo alipo, naye atadhani hajui maana ya neno analolijua vizuri kabisa. Mwambieni mnahamia mahali ambapo baba na mama walikulia. Ugomvi na rafiki yake msiuogope sana; watoto, na hata watu wazima, huona ni rahisi kuachana na mtu waliyekwisha kumkasirikia. David Pollock, aliyefanya kazi kwa miaka mingi na watoto wanaokulia nje ya nchi za wazazi wao, alifundisha kwamba kabla ya kuondoka yanatakiwa mambo manne, na la kwanza kabisa alitaja kupatana, yaani kutoondoka na ugomvi, kwa kuwa ugomvi usiomalizwa husafiri pamoja na mtoto. Kisha huja kuwashukuru watu, kuwaaga, na kufikiria kule mnakokwenda. Nakubaliana naye hata katika utaratibu huo. Mleteni rafiki huyo nyumbani kwenu mapema, wacheze jioni nzima bila kulazimishwa kusema samahani. Mara nyingi mchezo huwatosha.

Halafu muacheni binti yenu aage vitu pia, hata vile ambavyo ninyi mnaona havina maana. Mtoto wa miaka sita huishi karibu na ardhi, na mji wake umejaa mambo ambayo ninyi mmepita juu yake kwa miaka minane: ufa wa ukuta anaoupitishia kidole akienda shule, kifuniko cha mtaro anachokiruka, kitasa cha mlango alichoanza kukifikia mwaka jana. Muombeni awatembeze. Yeye awe mwenyeji, ninyi muwe wageni, muandike anayosema kwa lugha anayoyasemea. Karatasi hizo mzihifadhi vizuri, kwa kuwa lugha hiyo, kama hatapata wa kuzungumza naye, itampotea upesi kuliko mnavyodhani, na mtoto wa umri wake huweza kuisahau karibu yote. Kama mnaipenda sehemu hiyo ya mwanenu, tafuteni tangu sasa namna ya kuilisha: vitabu mtakavyobeba, na saa moja ya wiki ya kuzungumza na rafiki yake kwa simu ya video, iliyopangwa na wazazi wa pande zote mbili kabla hamjapanda ndege.

Ama swali lako la mwisho, kama tarehe ya kurudi kutembea hamnayo, msimwahidi. Mwambieni hamjui. Mwambieni kwamba mji utakuwepo, kwamba rafiki yake atakuwa akikua huko kama yeye atakavyokuwa akikua huku, na kwamba siku moja, akiwa mkubwa, ataweza kukata tiketi mwenyewe. Kisha mwekeeni anwani ya jengo lenu, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na nambari ya mlango.